Usiku Juu ya Bonde la Zigi

Mto Zigi unaanzia kwenye misitu ya Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki. Unateremka kwa kasi katikati ya mabonde yenye kiza, unaingia nchi ya chini ya Muheza, unapokea maji ya mto Kihuhwi, kisha unajaza bwawa la Mabayani. Hapo ndipo jiji la Tanga linapochota. Maji yanayobaki yanaendelea na safari hadi Bahari ya Hindi, kaskazini ya mji. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, mtaa wa jiji hilo. Maji ya Zigi nimeyanywa, nimeyaogea na nimeyatilia udhu tangu utotoni, na milima yanakotoka nimezoea kuiona kwa mbali, upande wa magharibi, hewa inapotakata baada ya mvua. Nilitaka kulala huko juu. Si katika nyumba ya wageni, bali chini ya miti yenyewe, mahali mto unaposikika.

Nyumba za wageni Amani zipo, na viwanja vya kambi vyenye choo na bomba vipo pia. Mwenye watoto wadogo namshauri aende huko bila kusita. Lakini ukilala penye bomba, maji yanakuwa yameshafanyiwa kazi na mtu mwingine, nami nilitaka usiku ambao kila kikombe tutakachokunywa tumekiteka, tumekibeba na tumekichemsha wenyewe.

Amani ni hifadhi, na hulali ndani yake kwa kujiamulia. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ina hekta 8,380 hivi, na leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Unalipa ada, unaandika jina lako kitabuni, unasema unakokwenda, na unapewa mwongozaji. Tuliyempata mimi na mpwa wangu alikuwa mzee wa Kisambaa, mrefu, mwembamba, amevaa gambuti na koti la mvua lililoshonwa mara nyingi mabegani.

"Shikamoo, babu," mpwa wangu alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umewahi kulala porini?"

"Bado, babu."

"Basi sikiliza mapema. Mti mbichi haukatwi. Moto unawashwa pale palipokwisha kuwashwa moto. Na mlichokuja nacho mtarudi nacho, hata ganda la pipi."

Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, masika yamekwisha lakini milima haijakauka. Muheza tuliiacha imejaa machungwa, marundo yamepangwa kandokando ya barabara na malori yanapakia. Kutoka hapo barabara ya vumbi inakwenda Amani, kilomita 30 na ushei, na kwa muda mrefu inapita katika mashamba ya mitiki ya Longuza. Mitiki imepandwa mstari kwa mstari. Majani yake mapana yakianguka yanafunika ardhi, na chini yake hapaoti kitu kingi. Halafu mitiki inakwisha, unaingia msitu wa asili, na mara hiyo hiyo hewa inabadilika, inakuwa ya baridi na nzito. Chini ya miti mikubwa kuna miti midogo, chini ya miti midogo kuna miche, chini ya miche kuna kangaga, na chini ya kangaga kuna majani yaliyooza yenye kina cha kumeza kidole chote. Mpwa wangu aliuchomeka mkono humo akautoa umelowa hadi kwenye saa yake.

Pale Zigi, penye lango, kuna nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi hapa, kusudi wateremshe magogo. Reli ilikwisha ng'olewa, nyumba ikakarabatiwa na sasa inapokea wageni. Juu zaidi, Amani kwenyewe, mwaka 1902 walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea, na wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia ili waone upi utafaa koloni lao. Mikwinini ilikuwa miongoni mwake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoifunga njia ya bahari, wataalamu wa Amani walitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti hiyo kwa ajili ya askari wa Kijerumani. Baada ya vita Waingereza waliendeleza utafiti wa kilimo hapo, na baadaye Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria.

Si kila mti ulioletwa ulibaki bustanini. Mzee alitusimamisha njiani mbele ya mti mrefu ulionyooka, wenye gome la rangi ya majivu.

"Huu ni mhesi. Si wa hapa."

Asili ya mhesi ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, hadi pande za Ziwa Viktoria. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Tunda lake linapendwa sana na hondohondo, wale ndege wakubwa wenye midomo mizito, nao wanakula hapa na kuiangusha mbegu kule. Miaka ya 1970 na 1980, magogo yalipokuwa yakivunwa kwa mashine katika misitu hii, mwanga uliingia chini kwenye mapengo yaliyoachwa, na mhesi unapenda mwanga. Ulipandwa, ukajipanda na wenyewe, ukatangulia miti ya asili inayokua polepole. Leo unakutana nao hata ndani kabisa. Ulipopita mlio wa mabawa ya hondohondo juu yetu, mzito kiasi kwamba tuliinua vichwa sote, mzee alinyoosha kidole juu na kusema tu, "Mpanzi huyo."

Tulipanda kwa saa kadhaa, tukipumzika mara nyingi, maana hema na vyombo vilikuwa migongoni mwetu. Mahali mzee alipotupeleka hapana kibao wala jina nililoweza kulisikia. Ni uwanda mdogo ukingoni mwa mwinuko. Upande wa nyuma msitu umesimama, na upande wa mbele mwamba unakatika ghafla. Ukisimama karibu na ukingo unaona vilele vya miti chini ya miguu yako, vingi, vya kijani cha kila namna, vikishuka hadi mahali bonde linapojikunja. Mto hauonekani, umefunikwa kabisa na miti. Lakini unausikia tangu unapofika, sauti moja isiyokatika, na ukitazama kwa makini unaweza kuufuata kwa ule mstari wa miti iliyokolea kijani kuliko mingine. Mbali zaidi, mashariki, ardhi inalala chini na kupotea katika weupe wa mbingu. Huko ndiko kwetu.

Kazi ya kambi ilianza kabla jua halijashuka, kwa sababu katika bonde lenye miti mirefu giza linawahi. Tulikuwa na hema la watu wawili, turubai la bluu, kamba ya katani, sufuria mbili, kidumu, mkeka na mablanketi. Mzee alisema yeye atalala chini ya turubai karibu na moto, kama anavyolala siku zote. Kamba ya katani niliichagua kwa makusudi. Mkonge uliingia nchini kupitia Tanga mwaka 1893, ukiletwa na Richard Hindorf, na watu wa kwetu wengi wamelelewa kwa kazi yake. Tena kamba yake inashika fundo vizuri. Ila ikilowa inajikaza, na kwa hiyo jioni huivuti kwa nguvu zako zote, unaiachia nafasi, usiku unyevu uikaze wenyewe. Mpwa wangu alifunga kona moja kwa bidii ya ujana na mzee akaja akailegeza bila kusema neno. Alfajiri kona zote nne zilikuwa zimekazana sawasawa.

Choo kilikuwa shimo. Tulilichimba kwa kijembe mbali na kijito, hatua zaidi ya sabini, kina cha kiwiko, na udongo wake ukawekwa kando pamoja na kijembe ili kila anayetoka afukie. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi wanaopenda picha za mahema hawalizungumzi, nalo ni la kwanza kwa umuhimu. Kijito kile kinaingia Zigi. Zigi inaingia Mabayani. Mabayani inaingia kwenye birika la mama yangu.

Kuteka maji kulitugharimu jasho. Kijito kiko bondeni, njia yake ni ya mizizi na mawe yenye ukungu wa kijani, na kidumu kilichojaa kinakuvuta nyuma wakati miguu inatafuta pa kukanyaga. Kwenye mwamba mmoja unaodondosha maji, pahali pasipofikwa na jua, mzee alituonyesha ua dogo la zambarau. Majani yake ni manene na yana vinyweleo laini vinavyoshika matone, petali ni tano, na katikati kuna vifuko viwili vya manjano vya chavua. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala upande huu wa Tanga, aliyatuma maua haya Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliyapa jina la Saintpaulia kwa heshima yake. Tangu hapo yamezalishwa kwa mamilioni na kuwekwa madirishani katika nyumba za Ulaya na Marekani. Hapa kwao yanahitaji kivuli hiki, mwamba huu na tone hili lisilokoma. Msitu ukifunguliwa juu yake, mwamba unakauka na ua linakufa. Mpwa wangu aliinama akalitazama kwa muda mrefu, mikono ameifunga nyuma, bila kuambiwa.

Kuwasha moto kwenye msitu uliolowa ni elimu, na nilifurahi kuiona ikifanywa na mtu anayeijua. Kuni zilizolala chini mzee hakuzigusa. "Ya chini imeshiba maji," alisema. "Tafuta iliyokufa ikiwa imesimama." Alipata tawi kavu lililonaswa kati ya miti miwili, unene wa mkono wa mtu, akalikata vipande. Nje lilikuwa jeusi na lenye kuvu. Alikisimamisha kipande kimoja juu ya jiwe, akakiwekea panga kichwani na kukigonga kwa gogo mpaka kikapasuka, kisha nusu ikapasuliwa tena, na tena, hadi akafika kwenye kiini cheupe kilichokuwa kikavu kabisa. Kutoka kwenye kiini hicho alichonga vipande vyembamba bila kuvikata mwisho, vikabaki vimejikunja kwenye kijiti chake. Alitengeneza vijiti vitano sita vya namna hiyo, akavisimamisha vikiegemeana, akapiga kiberiti mara moja tu. Moshi ulikuwa mweupe kwanza, halafu ukapotea. Tulikula wali na dagaa wa kukaanga kwa nyanya, na baadaye chai ya rangi yenye tangawizi na punje za iliki ambazo mzee alizitoa kwenye mfuko wa shati, akaziponda kwa mpini wa panga.

Ni iliki hiyo iliyoleta mazungumzo. Nilimwambia inanukia kuliko ile tunayonunua sokoni.

"Hii ni ya nyumbani, michache imebaki uani," alijibu. "Zamani nilikuwa na shamba zima, kule Derema."

Iliki inapenda kivuli. Mkulima hafyeki msitu wote, anasafisha chini na kuiacha miti mikubwa isimame, na kwa mbali utadhani msitu mzima upo. Lakini miche ya miti haipati pa kukulia, na ile mikubwa ikifa haina mrithi. Msitu wa Derema ulikuwa umejaa mashamba ya namna hiyo, na ndio unaounganisha misitu ya Amani na ile ya upande wa pili. Katika miaka ya 2000 iliamuliwa mashamba yaondoke. Wakulima walihesabiwa mimea yao wakalipwa fidia.

"Ulilipwa vizuri, mzee?"

Alichukua muda. Alisogeza kuni ndani.

"Nililipwa, mwanangu. Nikaezeka nyumba bati, nikasomesha mmoja. Ila iliki ilikuwa ikinilipa kila mwaka, na fidia inalipwa mara moja."

"Unajuta?"

"Sijuti msitu. Vijito vya Derema sasa havikauki, hilo nimeliona kwa macho yangu. Mimi nasema tu, huko mjini mnakunywa maji, je, mnajua kwamba mtu alihama ili myanywe?"

Sikuwa na jibu la haraka na sikutaka kulitunga. Nilimwambia kweli, kwamba kwetu tunalijua bomba na tunaijua bili. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji, na watu wakaichangamkia hata ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nililifurahia jambo hilo wakati ule na bado nalifurahia. Wakulima wa bonde hili nao wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohimiza kilimo cha matuta na upandaji wa miti kandokando ya vijito vya Kihuhwi na Zigi, na mamlaka ya maji imekuwa ikishirikiana nao. Hizo ni hatua nzuri. Lakini pale kwenye moto niliamini, na leo naamini zaidi, kwamba mji unaoweza kukopa mabilioni kwa ajili ya maji unapaswa kumlipa mtu wa mlimani kila mwaka, kama iliki ilivyokuwa ikimlipa. Yeye ndiye mlinzi wa chanzo. Akikosa chakula, hana budi kurudi na jembe, au kusikiliza habari za dhahabu kama ilivyotokea Sakale, humu humu milimani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachimbaji walipomiminika na mito ikageuka tope.

Usiku wa msitu huu una kelele. Anayekwenda kutafuta ukimya ajue mapema. Komba walilia juu yetu, vyura walijibizana kutoka kijitoni, na muda fulani baada ya saa tatu ulisikika mlio uliomfanya mpwa wangu ashike mkono wangu ndani ya hema: kwanza mkwaruzo, kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu unaofunguliwa na mtu asiye na haraka, kisha mkwaruzo ukapanda, ukapanda zaidi, ukageuka ukelele wa kukaba roho.

"Mjomba, nini hicho?"

Mzee alijibu kutoka nje, sauti yake ya usingizi. "Perere. Lala."

Perere ni pimbi wa mitini, mnyama asiyezidi ukubwa wa sungura, anayekula majani. Mwingine alimjibu ng'ambo ya bonde, na wa tatu chini yake, hata tukaweza kupima upana wa bonde kwa masikio. Nilikuwa na matumaini ya kumsikia pia bundi mkubwa wa Usambara, yule aliyepewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani enzi za Wajerumani. Hakulia, au alilia nikiwa nimelala.

Siafu walikuja usiku wa manane. Mpwa wangu aliamka akijipiga miguu, nami nilipowasha tochi niliona uzi mweusi umepita chini ya zipu ya hema, ukavuka pembe ya mkeka na kutokea upande wa pili. Tulitoka mbio. Mzee alikuwa amekwisha simama na koleo la ubao, akichota majivu ya moto pembezoni mwa makaa. Hakuwamwagia siafu wenyewe. Alimwaga mstari mbele ya njia yao, mita kadhaa kabla ya hema, akaongeza mwingine wa mshazari. "Hawana ugomvi na sisi. Tumelala barabarani kwao." Nilichuchumaa na tochi. Pembeni mwa njia, huku na huku, askari wao wenye vichwa vikubwa walikuwa wamesimama wamefungua taya, wamejipanga bega kwa bega, na katikati yao vibarua wadogo walipita kwa maelfu, wengine wamebeba mayai meupe, wengine miguu ya panzi. Walipofika kwenye majivu msafara ulisita, ukafanya kifundo, kisha kichwa chake kikapinda na kufuata mshazari ule hadi kwenye majani. Tuliokuwa tumekwisha ng'atwa tulitoana vichwa vya siafu kwenye ngozi kwa kucha, na baada ya nusu saa hivi uwanda ulikuwa mtupu.

Ndipo niliposikia matone. Nilidhani mvua imeanza, nikanyoosha mkono nje ya turubai, na mkono ukabaki mkavu. Juu, kati ya vilele, palikuwa na nyota chache zilizofifia. Lakini chini ya miti palikuwa pakinyesha. Upepo wa kusi unatoka baharini ukiwa umebeba unyevu, unavuka nchi ya pwani isiyo na mlima, na milima hii ndiyo ya kwanza kuukatiza njia. Hewa inapanda, inapoa, inageuka ukungu, na ukungu unapopita katikati ya msitu kila jani na kila uzi wa kuvumwani unaunasa. Matone yanajikusanya, yanaungana, yanaanguka. Mahali pasipo na mti ukungu unapita juu na kwenda zake. Nilikuwa nimeyasoma haya. Kuyasikia gizani, toka pande zote, saa baada ya saa, ni jambo jingine. Mpwa wangu aliikinga sufuria chini ya kona ya turubai, pale kamba inapoteremka, akarudi kulala.

Asubuhi sufuria ilikuwa imezidi nusu. Hatukushuka kijitoni, tulitia maji hayo motoni na kuyanywa chai, maji ambayo hakuna wingu lililoyanyesha. Mpwa wangu alikuwa na maswali mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kutoka kwake. Kama turubai dogo limepata haya, je, mti ule wenye majani maelfu? Kama ni mti mmoja, je, msitu wote huu tunaouona? Na maji yakishaanguka, mbona hayateremki yote kwa mara moja? Mzee alimchukua nyuma ya hema, akachimba kwa kijembe udongo ule mweusi, akakamua donge moja kiganjani. Maji yalitoka katikati ya vidole. Kisha akampeleka kwenye njia tuliyopanda nayo, palipokanyagwa na miguu ya watu mpaka ardhi ikawa ngumu, akamwaga kikombe cha maji. Yaliteleza juu yake, yakachukua vumbi na kuondoka. Ndilo somo lote la jiografia ya mto, na mwalimu wake hakumaliza darasa la saba.

Bonde lilikuwa limejaa ukungu hadi ukingoni mwa mwamba. Jua lilipopanda ulianza kupasuka, vilele vikajitokeza kimoja kimoja, na kundi la mbega likaja kuota jua kwenye mti mkubwa ulio usawa wa macho yetu, mikia yenye ncha nyeupe inaning'inia. Tulikaa hapo mpaka joto likaanza. Ningeweza kukaa siku nzima.

Kuvunja kambi tulikufanya polepole. Shimo lilifukiwa na majani kurudishwa juu yake, makaa yakazimwa kwa maji, yakakorogwa, yakazimwa tena hadi mzee alipoweza kuyashika kwa mkono. Mafundo ya kamba ya katani ilibidi kuyafungua kwa meno. Tukateremka kwa njia nyingine, inayopita vijiji vyenye migomba na mdalasini uliotandazwa juu ya mikeka, watoto wakitusalimia kutoka kwenye vizingiti.

Pale Zigi tulitia sahihi kitabuni kwamba tumetoka salama watu watatu. Mpwa wangu alimuuliza mzee kama kuna mahali pa kulala chini kabisa, kando ya mto wenyewe.

"Papo," alisema mzee. "Lakini masika msije, Zigi haivukiki na njia ni matope matupu. Njooni Januari au Februari. Na mlete turubai kubwa kuliko lile."

Tumekubaliana Februari. Safari hii dada yangu naye anakuja, na kilo mbili za kahawa ambazo mzee hakuziomba zimekwisha nunuliwa.